Ndege Iliyotua Kabla ya Saa Yangu

Wiki jana niliwaacha Nairobi, mbele ya mlango wa vioo wa uwanja wa ndege, binti yangu Linah akinitikisia kichwa huku pasipoti ameibana kwa meno kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imejaa mizigo.

Kama hukunisoma tangu mwanzo, jua haya tu. Mume wangu Kituyi alienda Dubai kuendesha malori. Mwaka juzi alirudi ndani ya sanduku lililofungwa. Baada ya mazishi, dada yake mkubwa, Marion, alinifukuza kutoka shamba letu la Chepsaita, nikaja kupanga chumba hapa Eldoret na kuuza mboga. Halafu mwaka huu Marion huyo huyo akashuka kwa gari lake mpaka kwa kibanda changu. Akasema atampeleka Linah Toronto, kule Kanada, akae na binti yake Linet, amsaidie kulea mtoto huku akisoma.

Sikumuuliza Marion roho yake imegeuka lini. Nilipiga magoti hapo hapo kwa sukuma wiki, nikamshukuru Mungu.

Sasa endeleeni nami.

Kanisani kwetu tuna desturi. Mtoto wa mmoja wetu akipanda ndege, kina mama tunamfanyia mnyororo wa maombi. Kila mmoja anachukua saa yake. Unaomba ukiwa kwako, saa yako ikiisha unampigia simu anayefuata, unamwambia, "Nimekuachia." Yeye anajibu, "Nimepokea." Tunaanza ndege ikiinuka, na hatukati mpaka iguse chini. Tumewaombea wakimbiaji wakienda mbio za ng'ambo. Tumewaombea manesi. Kwa hiyo sisi hatuwezi kumwombea mtu kabla ya kujua safari yake ni ya saa ngapi.

Linah alinieleza jioni moja kabla ya safari, tukichambua mboga.

"Nairobi mpaka Dubai ni saa tano, Mama. Hapo tunangoja mpaka usiku. Halafu Dubai mpaka Toronto ni saa kumi na nne hewani bila kusimama."

"Saa kumi na nne? Ni umbali gani huo?"

"Nairobi mpaka Toronto, ukienda kama umepiga rula, ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Sasa sisi tunapinda kupitia Dubai, zinaongezeka."

"Na mbona mpinde?"

Aliinama akaokota jani lililoanguka. "Linet ndiye alinunua tiketi, Mama."

Basi nikawagawia kina mama saa zao. Ndege ilikuwa inaondoka Ijumaa asubuhi na kutua Toronto Jumamosi, jioni ikikaribia kwa saa zetu. Saa ya kwanza nilichukua mimi. Saa ya mwisho, ile ya kutua, nikajiwekea pia. Nilitaka magurudumu yakigusa chini, sauti ya mwisho Mungu kusikia iwe ya mama yake.

Ijumaa hiyo jioni nilikuwa nimesharudi Eldoret, naosha karoti. Simu ikalia mara moja ikakatika. Nikakausha mikono. Linah alikuwa ameacha ujumbe wa sauti.

"Mama, nimefika salama. Niko sawa. Joto ni jingi, jua ndio linazama. Waambie kina mama walale. Wasikeshe kwa ajili yangu. Tafadhali Mama, waambie walale."

Nilimpigia. Hakupatikana.

Nikampigia Marion.

"Wifi, Linah amefika."

"Amefika wapi?"

"Si Toronto."

"Linet aliniambia ni kesho."

"Amesema mwenyewe. Nimemsikia na masikio yangu."

"Basi ni hizo saa zao. Huko saa ziko nyuma yetu, ndio mtu hufika mapema. Wewe Tryphosa ulidhani ndege ni lori ya Kituyi, isimame kila mzani ikipimwa?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Na usianze kunipigia usiku na mchana. Nimekusaidia, sijakuoa."

Akakata.

Nilimeza. Nimezoea kumeza kwa Marion. Na lile jambo la saa kuwa nyuma liliingia akilini mwangu vizuri kabisa. Nikawapigia kina mama mmoja mmoja. Mtoto ametua, mnyororo umekwisha, Mungu awabariki, laleni.

Wote walishukuru. Wote isipokuwa Warigia.

Mimi na Warigia hatupatani, wacha niseme ukweli. Mwaka jana mpwa wake alipata kazi ya baa huko ng'ambo, na mimi ndiye niliyesimama kanisani nikasema hatuwezi kukesha kuombea mtu aende kumwagia watu pombe. Tangu siku hiyo hunisalimia akiangalia ukuta.

"Saa yangu ni kesho asubuhi," aliniambia kwa simu.

"Warigia, ametua."

"Ametua na wengine hata hatujaanza?"

"Saa za kule ziko nyuma."

"Ziko nyuma, sawa. Na ndege nayo ilipunguza njia?"

"Huwezi kufurahi mtoto wa mwenzako akifika?"

"Mlinipa saa. Mimi sirudishi."

"Utakuwa unaombea nani sasa? Wewe unataka mtoto wangu abaki hewani ndio roho yako itulie."

"Mimi nataka atue mahali alisema anaenda," Warigia akasema. "Lala salama, Mama Linah."

Nilisema neno baya kwa simu iliyokufa. Nililitubu, lakini nililisema.

Asubuhi Jumamosi kibanda changu kilikuwa kama mahakama. Mama mmoja alikuja kununua dania akaniuliza kama kweli nilikuwa nimepata hesabu sawa, maana yeye alikuwa ameshafunga tayari, hajala tangu Alhamisi. Mwingine akasema Warigia anazunguka akisema nimewapigisha watu magoti bure ili nionekane nina mtoto majuu.

"Njooni msikie wenyewe," nikawaambia.

Niliichezesha ile sauti mara nyingi sana. Mara ya mwisho nilikuwa mlangoni mwa duka la Nasra, Msomali anayeuza vitambaa karibu na kibanda changu. Nasra ni mtu wa kelele lakini hajawahi kunidanganya. Ndugu yake, Mahamud, anaishi Toronto miaka mingi.

Nasra alikuwa anapima kitambaa. Akasimama na mkono hewani.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Nyuma ya sauti yake hapo. Unasikia nini?"

"Watu. Magari."

"Mama Linah, hiyo ni adhana."

"Toronto hakuna Waislamu?"

"Wamejaa. Mahamud si mmoja? Lakini yeye kila siku ananililia kwamba huko adhana anaisikia kwa simu yake. Hii inatoka kwa spika ya msikiti, iko juu ya barabara." Aliweka mkasi chini. "Ulipata hii saa ngapi?"

"Jana, saa kumi na mbili imepita kidogo. Jioni."

"Jioni ya hapa. Na yeye anasema jua linazama."

"Eeh."

"Wakati huo kwa Mahamud ni asubuhi. Hata sala ya Adhuhuri bado. Jua gani inazama asubuhi?"

"Marion amesema saa zao ziko nyuma."

"Ziko nyuma, ndio nakuambia. Kama huku ni jioni, kule ni asubuhi. Saa kuwa nyuma haifanyi ndege iruke haraka. Kumi na nne ni kumi na nne, hata kama wameficha saa zote chini ya kitanda."

"Unanicheka, Nasra?"

"Usinipandishie sauti kwa duka yangu. Sikucheki. Nakuuliza, ukitoka Nairobi asubuhi, ni wapi unafika mapema hivyo, kuna joto na kuna adhana?"

Nilijua. Yeye pia alijua, na ndio sababu hakulitaja yeye. Lile jina ndilo lililokuwa limeandikwa ubavuni mwa sanduku la Kituyi.

"Amemuuza," nikasema.

"Nani?"

"Marion. Toronto ilikuwa ya kunifunga macho. Amemuuza mtoto wangu Dubai."

Nasra alifunga duka bila kumaliza kile kitambaa, na mwenye kitambaa akabaki mlangoni akilalamika. Tukaingia kwa gari la mumewe lakini hatukwenda moja kwa moja nyumbani kwa Marion. Kwanza tulipita pale mjini anapouza vifaa vya ujenzi, tukaambiwa hayuko. Tukangoja. Tukapiga simu, hakushika. Mchana wote uliisha hivyo. Mwishowe tukaelekea kwake nyumbani, mtaa wa Elgon View.

Njiani nilikuwa nafikiria lile sanduku tu.

Kwetu, maiti hulala nyumbani kwake kabla ya kuzikwa. Uso unafunuliwa, watu wanapita wanamwona. Mjane anakaa upande wa kichwa. Lakini Marion ndiye aliyeenda kulipokea sanduku Nairobi, na alipofika nalo Chepsaita alisema hakuna kufungua. Lori liliwaka moto, alisema, na daktari amekataza. Wazee walinung'unika, akawaambia anayetaka kufungua atafute nauli ya kwenda kumshtaki daktari.

Linah ndiye peke yake aliyesema kwa sauti. "Kama hatujamwona, tunajuaje?"

Marion alimzaba kofi mbele ya waombolezaji.

Basi nilikaa upande mmoja wa sanduku mpaka kukapambazuka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa upande wa kichwa au wa miguu.

Mlinzi wa Marion alitaka kutuzungusha. Nasra alilaza mkono wake kwenye honi ya gari na hakuutoa mpaka geti likafunguka.

Marion alitoka na kikombe cha chai. Hakutukaribisha. Tulisimama hapo kwa kibaraza kama wauzaji wa mahindi.

"Umemuuza mtoto wangu," nilimwambia.

"Umesema nini?"

"Umesikia. Kaka yako alifia Dubai, shamba lake ukachukua. Sasa na binti yake umemtupa huko huko."

Marion alimgeukia Nasra. "Huyu umemtoa wapi? Kwa maombi au kwa hospitali ya wazimu?"

"Sikiza hii kwanza," Nasra akasema. "Tusi utamaliza baadaye."

Nilimchezea ile sauti. Alisikiza akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayesikiza mtoto akikariri. Lakini ilipofika pale pa jua kuzama, tabasamu likaisha.

"Hiyo ni wapi?"

"Wewe ndiye utuambie."

"Tryphosa, nakuuliza vizuri. Ndege yake ilipitia wapi?"

"Si Dubai."

"Nani alisema Dubai?" Sauti yake ilishuka mpaka nikasogea kusikia. "Nilimwambia Linet ipitie Ulaya. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Dubai hapana."

Mimi sijasoma sana, lakini macho ninayo. Mtu aliyemuuza mtoto Dubai haulizi nani alimpitisha Dubai. Shtaka nililokuja nalo lilianza kunimwagika mikononi.

"Mbona Dubai hapana?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nimesema."

"Ndege si ni ndege?"

"Nimesema hapana, Tryphosa."

Simu yake ikalia. Alikuwa Linet, kutoka Toronto. Marion alitaka kuingia nayo ndani, lakini Nasra alikuwa ameshasimama mlangoni, na Nasra akisimama mlangoni hakuna upepo unapita.

"Weka spika," Nasra akasema. "Huyu ni mama yake."

Marion akaweka.

"Mami, niko eapoti," Linet alisema, akihema. "Ndege imefika kitambo. Watu wote wametoka, mpaka wale wa viti vya magurudumu. Linah hayuko."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Kuna mama wa dawati amenihurumia akanitazamia. Linah alishuka Dubai na hakupanda hii ya pili."

"Na ni nani alikuambia ununue ya Dubai?"

"Ni yeye mwenyewe aliniomba, Mami. Akasema anataka kupita aone mahali Anko Kituyi alifia. Hata viza ya kutoka nje ya eapoti huko akajitafutia. Nilidhani unajua."

Marion alikata simu. Nilikuwa nimekuja kushtaki, sasa yeye ndiye akawa hakimu.

"Umesikia mtoto wako? Mwongo. Nimemfungulia mlango wa Kanada, yeye anashuka njiani kama mbuzi kwa lori. Umemfundisha nini huko kwa kanisa lako?"

"Usiguse kanisa."

"Nitagusa. Umelea mwizi. Amenidanganya mimi, amemdanganya Linet, amewadanganya nyinyi wote na magoti yenu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Marion alikuwa ananitukana kwa ukweli. Mtoto wangu alikuwa amenitumia ujumbe wa uongo, na mimi nimeutangaza mji mzima.

Ndipo simu yangu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa sauti. Linah.

"Lete hiyo," Marion akasema.

Alininyooshea mkono. Hakuwa ameuliza ni nani.

"Nimesema lete simu, Tryphosa."

Nilirudi nyuma hatua moja, nikabonyeza.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka wakeshe wakiombea kiti ambacho sijakalia. Niko Dubai. Nimefika pale kambi ya madereva, pale Baba alikuwa analala. Kitanda chake wamenionyesha. Nimewauliza juu ya ile ajali ya moto. Mama, hapa hakuna mtu anajua ajali ya moto. Wanasema Baba alihama hapa mwaka jana. Mwaka jana, Mama. Si mwaka juzi. Kuna rafiki yake mmoja anajua alikohamia, kesho atanipeleka. Sasa muulize Anti Marion swali moja tu. Yule tulizika Chepsaita ni nani?"

Ikaisha.

Nilimwangalia Marion. Nilingoja matusi. Nilingoja aseme mtoto ni mwongo, maana dakika hiyo hiyo alikuwa ametoka kumwita hivyo. Badala yake alikiweka kikombe chake kwenye ukingo wa kibaraza, pole pole, kama kinaweza kuamsha mtu.

"Wifi," nikasema. "Nani yuko kwa kaburi la mume wangu?"

"Nani mwingine amesikia hiyo?" akauliza.

"Mimi," Nasra akasema.

"Nyinyi wawili tu?"

Marion aliinua uso akatazama juu ya mabega yetu, akamwambia mlinzi wake, "Funga geti. Na kufuli."

Nilisikia chuma kikiburutwa nyuma yangu. Na simu ikalia tena mkononi mwangu. Nilidhani ni Linah. Niliiweka sikioni bila kuangalia jina.

"Tryphosa." Ilikuwa sauti ya Warigia, imekauka kama ya mtu aliyeimba mazishini. "Nimeshikilia tangu asubuhi na hakuna aliyenipokea. Sijui huyo mtoto wako yuko wapi, lakini hajatua. Nimechoka sasa. Nimekuachia."

Kufuli likabana. Marion alikuwa anateremka ngazi za kibaraza akija upande wangu, mkono mbele.

"Nimepokea," nikamwambia Warigia.